Kabichi za Nyuma ya Nyumba

Sijawahi kuwa bwana shamba, ingawa kule Isongole wapo wanaoniita hivyo mpaka leo. Kazi yangu ilikuwa kuchukua sampuli. Nilipita mashambani na sokoni, nikachukua mboga, nikazitia kwenye mifuko ya nailoni na kuziandikia lebo, kisha nikazifungia ndani ya boksi lenye barafu. Boksi likapanda basi pale Tukuyu kwenda maabara, Dar es Salaam. Huko walizisaga na kuzipima kuona kama zimebaki na dawa ya wadudu, na kwa kiasi gani. Majibu yalirudi kwa barua. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo tu, lakini nilikuwa kijana mwenye buti mpya za mpira na kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, na nilitembea kama mtu aliyetumwa kuliokoa taifa.

Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi. Ghala la ushirika, ambalo zamani ndilo lililoleta dawa na mabomba ya kupulizia pamoja na mtu wa kueleza, lilikuwa limepigwa kufuli na mbuzi wanalala barazani. Dawa sasa ulizikuta mnadani, juu ya meza moja na sabuni na betri za redio, zimemiminwa kwenye chupa za soda na kuzibwa kwa gunzi la hindi. Karatasi ya maelezo hakuna. Ukimuuliza muuzaji hii ni dawa ya nini, anakujibu ya wadudu. Ukimuuliza wadudu gani, anakushangaa. Wakati huohuo malori ya mjini yalianza kupanda Isongole kufuata viazi na kabichi, na wenye malori walikuwa na sheria moja tu, kwamba kabichi yenye tundu hawabebi.

Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa ameolewa huko Isongole akitokea kwetu Lufingo, na mumewe alikuwa amekwisha kufariki. Yeye na wanawake wenzake tisa wa kanisani walikuwa na kikundi cha kulima kabichi. Malori yaliwachosha. Leo linakuja, wiki ijayo halionekani, na kabichi iliyokomaa haina subira, inapasukia shambani. Ndipo hospitali moja ya misheni ikawaambia itachukua kabichi zao kila wiki, mvua inyeshe au jua liwake, kwa ajili ya jiko la wagonjwa. Sharti lilikuwa karatasi ya maabara kuonyesha kwamba mboga hizo ni salama kwa mgonjwa. Shangazi aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona anakitaka. Na mtu wa kuileta karatasi alikuwa mimi.

Mtu mwenye akili angesema aende mwingine, huyu ni shangazi yangu. Mimi nilifurahi.

Nilifika asubuhi, ukungu haujainuka. "Ugonile, mwanangu," shangazi alinisalimu, na wenzake wakafuata mmoja mmoja mpaka salamu zikaisha. Maelekezo niliyopewa kazini yalikuwa wazi. Mchukua sampuli anaingia shambani mwenyewe, anapita huku na huku, anakata kwa kisu chake bila kuchagua. Kisu nilikuwa nacho kwenye begi. Lakini kwetu mgeni haingii shamba la mwenyeji na kisu chake. Ukifanya hivyo umewaambia wenyeji kwamba ni wachoyo, au kwamba wewe ni mwizi. Basi nilikaa kwenye kiti nilichopewa, nikanywa chai ya maziwa, nikala viazi vitamu, na wao wakaenda kukata. Walirudi na kabichi kumi, moja kwa kila nyumba, zimeoshwa zikang'aa. Majani ya nje yalikuwa yametobolewa na viwavi. Niliyaona matundu hayo kwa macho yangu mawili, nikaandika lebo zangu kwa mwandiko mzuri na kushukuru. Ndaga fijo, nikawaambia, na wao wakacheka kwa kuwa Kinyakyusa changu kilikuwa kimeanza kuingia baridi ya mjini.

Majibu yalikuja safi. Kabichi zote kumi hazikuwa na dawa hata chembe. Nilipeleka barua hospitalini kwa mkono wangu, mama msimamizi wa jiko akaisoma mara mbili, na wiki hiyohiyo kabichi za akina shangazi zikaanza kuteremka kwenda kwa wagonjwa. Kikundi kilitoa shukrani kanisani. Mimi nilitajwa kwenye sala, na sitasema uongo, nilivimba kichwa.

Jumamosi moja, baada ya wiki kama tano hivi, nilikwenda kumsalimia shangazi bila boksi wala lebo. Nilikaa jikoni kwake, naota moto. Alitoka, akazunguka nyuma ya nyumba karibu na banda la ng'ombe, akarudi na kabichi moja, akakaa kuikatakata. Nikaiangalia ile kabichi. Majani yake yalikuwa na matundu.

"Shangazi, hii umeitoa wapi?"

"Hapo nyuma."

"Na zile za shamba la kule barabarani?"

"Zile ni za kuuza, mwanangu. Zile zinapigwa dawa. Nimezipiga jana, kesho kutwa zinakwenda hospitali."

Nikauliza nililoogopa kuuliza. "Na zile mlizonipa mimi nipeleke maabara?"

Aliacha kukata, akanitazama kwa huruma kabisa. "Ulikuwa mgeni. Mgeni hapewi dawa. Na hao wakubwa zako wa Dar es Salaam, wangekula dawa yetu, wangetuonaje?"

Nilikuwa nimewaeleza wote kumi kwamba kabichi zitasagwa na kupimwa. Walinielewa vizuri. Walichoamini ni kwamba watu wenye akili zao wakishamaliza kupima hawawezi kutupa chakula, lazima watapika kinachobaki. Kwa hiyo kila mmoja alikwenda nyuma ya nyumba yake, kwenye bustani ya watoto wake, akanikatia kabichi asiyoipuliza kamwe. Walinifanyia wema. Na wema huo ndio uliopeleka dawa ya jana kwenye sahani za wagonjwa, kwa karatasi niliyoipeleka kwa mkono wangu.

Chakula kile kilinishinda. Niliteremka Tukuyu nikiwa na hasira, na kila nilipotafuta wa kumkasirikia nilijikuta mwenyewe. Nilijiambia kwamba hakuna anayejua, na kwamba nikinyamaza shangazi hatapoteza kitu. Wazo hilo nililibeba mpaka mlangoni kwangu. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minne, na hospitali tuliyokuwa tumepanga ajifungulie ilikuwa hiyohiyo. Alinipokea akauliza kama shangazi hajambo. Nikajibu hajambo, na hapo hapo nikajua kwamba kesho nitapanda tena Isongole.

Niliwakuta wanatoka ibadani. Niliwaeleza wakiwa wamesimama pale nje ya kanisa, na sikuzunguka. Mmoja alisema hakuna mgonjwa aliyekufa kwa kabichi. Mwingine alisema malori hayajawahi kuuliza habari za dawa. Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua ncha ya kitenge chake.

"Hivi wale wagonjwa," alisema mwishoni, "ni wageni wa nani?"

Alinigeukia akaniambia nije kesho na kisu changu, na kwamba kabichi za hospitali wiki hiyo hazitakwenda.

Nilikata mwenyewe. Nilipita shamba la barabarani kwa hatua za kuhesabu, kila hatua ishirini nainama na kukata iliyo mbele yangu, iwe nzuri iwe mbaya. Shangazi alinifuata nyuma midomo ameibana. Nilipokata kadogo kenye majani ya njano alishindwa kuvumilia. "Hiyo nayo? Utatuaibisha." Nikaitia mfukoni. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kuzifanya, kukata kabichi za shangazi yangu mbele yake bila ruhusa ya macho yake.

Majibu hayakuwa mazuri, na barua ilisema kiasi kilichokutwa kimevuka kinachoruhusiwa. Mkuu wangu alinifokea nusu saa nzima na nilistahili kila neno. Mama msimamizi wa jiko aliikunja barua, akasema atanunua kwingine mpaka nilete nyingine, na kwamba safari hii atataka kuniuliza nani alishika kisu. Akina shangazi waliziacha kabichi shambani mpaka dawa ipite. Nyingi zilipasuka. Niliona aibu kupita barabara ile.

Kilichofuata kilichukua msimu mzima na hakikuwa na maajabu. Waliacha dawa za chupa za soda, wakawa wananunua kopo lenye lakiri na karatasi yake, na mimi nikawa mtu wa kuwasomea karatasi. Ile waliyoichagua ilitaka siku kumi na nne kati ya kupiga dawa na kuvuna. Siku kumi na nne ni nyingi kuzikumbuka ukiwa na vitalu sita, ng'ombe na misiba ya jirani. Shangazi ndiye aliyesema Jumapili mbili. Jumapili hakuna anayeisahau. Ukipiga dawa, unachoma kijiti kichwani mwa kitalu na kukifunga kipande cha kitenge kikuukuu. Ukisali mara mbili, na siku ile ya kupiga ikarudi kwa mara ya pili, unakifungua. Kitalu chenye kitambaa hakiguswi, hata lori lisimame na kupiga honi mpaka betri iishe. Baada ya muda mashamba ya kikundi yakawa na vitambaa vya rangi zote, na wapita njia wakauliza kuna harusi gani.

Sampuli ya tatu niliikata mwenyewe, na safari hii shangazi alibaki jikoni akanywa chai yake. Majibu yalipokuja nilimpelekea mama wa jiko, akaniuliza nani alishika kisu, nikamwambia. Wiki iliyofuata kabichi zikateremka tena.

Mke wangu alijifungulia hospitali ile, mtoto wa kike, na alikula chakula cha jiko lile siku tatu. Mimi nilimtazama anavyokula nikiwa mtulivu, jambo ambalo miezi michache nyuma nisingeliweza. Mtoto alipotimiza miezi miwili tulimpandisha Isongole shangazi amwone.

Kwetu mama anayenyonyesha akija nyumbani anapewa kilicho bora kuliko vyote. Shangazi alimweka mke wangu karibu na moto, akamshika mtoto, akamsemesha Kinyakyusa kirefu ambacho mtoto alikielewa kuliko mimi. Kisha akamrudisha kwa mama yake, akachukua kisu na kutoka. Nilisubiri kusikia hatua zake zikizunguka kwenda nyuma. Hazikuzunguka. Zilikwenda moja kwa moja mbele, zikavuka uwanja, mpaka shamba la barabarani.

Aliporudi na kabichi mkononi nilitoka nje kidogo, nikajifanya naangalia mvua. Nikachungulia nyuma ya nyumba. Pale palipokuwa na bustani palikuwa na kuku wanachakura.

"Unatafuta nini huko?" shangazi aliniuliza kupitia dirishani.

"Bustani yako."

"Nimeing'oa," alisema, kisu kikiendelea kukata. "Bustani mbili za nini? Ingia ndani, mkeo anyonyeshe, chakula kinaiva."