Glasi Tatu Zilizobaki

Kutuliza mtetemo wa magari kumenigharimu glasi tisa kati ya kumi na mbili tulizopewa siku ya harusi. Nimehesabu mara mbili. Zimebaki tatu.

Siku ya kwanza kazini, karakana ya serikali hapa Bariadi, nilimwamkia Fundi Mkuu, "Mwangaluka." Akanishika mkono, akaubandika kwenye chesisi ya lori linalounguruma.

"Unahisi nini?"

"Ganzi, mzee."

"Basi dereva anakwenda nayo hiyo hadi Mwanhuzi. Kazi yako ni kuizuia isimfikie."

Injini hukalia maunti, yaani raba zilizobanwa kati ya vyuma. Raba ngumu hubeba vizuri lakini hupitisha mtetemo wote. Laini huumeza, ila injini hucheza mpaka feni inakwangua rejeta. Nilipohamishiwa Mwanhuzi, kisha Maswa, nilikuwa natafuta katikati. Nikaona kwamba raba mbili za mbele ukizilaza zikaegemeana kama paa la nyumba, hata raba ya wastani hutosha. Mkuu wa Karakana wa Maswa akainama kukagua.

"Umezifunga upande."

Nikamwambia hata yeye akilala upande hakoromi. Hakucheka, ila alisaini.

Kipimo changu kilikuwa glasi mojawapo ya zile za harusi, imejaa maji pomoni, juu ya dashibodi, kwenye lami iliyonyooka; tisa zilianguka zikavunjika. Mimi naendesha, mke wangu Kabula yuko pembeni anahesabu matone yanayomwagika.

"Matatu."

"Mawili," namwambia. "Punguza bei."

"Matatu, baba Masanja. La tatu liko kwenye sketi yangu, shika mwenyewe."

Nilistaafu. Mwaka uliofuata Kabula akafariki.

Wiki hii muuguzi wa Sapiwi ameniletea gari la zahanati. "Mzee, wajawazito wanalizwa na gari hili kabla hawajalizwa na uchungu." Nimelaza raba. Mkono wangu unasema limetulia, lakini mkono huu una ganzi ya miaka yote ile, siuamini. Jana nikaweka glasi, nikatoka peke yangu. Nikitazama matone, naingia kwenye mbuzi. Nikitazama barabara, maji yanapungua bila hesabu. Niliporudi kiti cha pembeni kilikuwa kimelowa, na hakuna wa kubishana naye ni matone mangapi.

Muuguzi anakuja kulichukua Jumatatu. Ninyi mafundi vijana, najua simu zenu zinapima mtetemo, lakini simu haina mgongo wala haikatai bei. Nishaurini: pale pembeni nimkalishe nani?