Kifurushi cha Karatasi ya Kaki

Kwa miaka ishirini na moja mtu huyu aliishi kwa kuwaandikia wenzake barua. Alikuwa na meza, mashine ya kupiga chapa na kiti kimoja cha mteja, nje ya jengo la posta. Ukimjia umegombana na mwenye nyumba, alikuandikia barua ya kumtuliza mwenye nyumba. Ukimjia unataka kumwomba mkeo msamaha na maneno yamekuishia, yeye maneno alikuwa nayo, tena mengine ya akiba. Kisha simu zikaenea, kila mtu akawa mwandishi wa barua zake mwenyewe, mbovu mbovu hivyo hivyo, na wateja wakamkimbia mmoja mmoja. Akabaki anapiga soga na muuza magazeti.

Ndipo Profesa alipomwokota. Nasema kumwokota kwa sababu ndivyo anavyosema yeye mwenyewe. Profesa alikuwa mwanamke mfupi, mwenye haraka zake, mkuu wa maabara ya usalama wa kompyuta na mitandao pale chuo kikuu. Alikuwa akichunguza barua za mtego, zile barua pepe za matapeli zinazokutaka ubofye mahali, na ukibofya tu wameshaingia ndani ya kompyuta yako na ya ofisi nzima. Alitaka kujua ni barua ya namna gani inayomnasa mtu mwenye akili zake timamu.

"Vijana wangu kompyuta wanaijua," alimwambia, "lakini barua zao haziwezi kumdanganya hata mtoto. Kila mtu ameshinda bahati nasibu. Mimi nataka mtu anayewajua watu."

Basi akaajiriwa msaidizi wa utafiti, akapewa meza kati ya mashine zinazovuma kutwa na dirisha lisilofunguka. Wale vijana wakambandika jina la Mzee Chapa, na siku wakiwa na utani zaidi, Katibu Mkuu wa Matapeli. Naye alicheka nao, maana hakuna aliyeibiwa kitu. Barua zake zilikwenda kwa wafanyakazi mia sita wa chuo hicho hicho, ambao mwanzoni mwa mwaka walitia sahihi kwamba wanakubali kujaribiwa siku yoyote bila kuambiwa ni lini. Aliyebofya aliona ukurasa unaosema samahani, jaribu baadaye, na maabara ikahesabu moja. Tena kila barua ilipita kwanza kwa kamati ya maadili. Kamati ikamkatalia barua ya msiba, ikamkatalia ya majibu ya hospitali, ikamkatalia ya kupandishwa cheo. Hizo zinaumiza watu, walisema, na walisema kweli.

Ile ya kifurushi waliipitisha kwa dakika tano. Nani ataumizwa na kifurushi?

"Kuna kifurushi chako mapokezi, ghorofa ya chini. Ni kidogo, kimefungwa kwa karatasi ya kaki na uzi, na jina la mtumaji limefutika kwa mvua. Tafadhali bofya hapa kuthibitisha kuwa ni chako."

Ndiyo hiyo, haina zaidi. Vijana walitaka aongeze vitisho, kwamba kitarudishwa kesho, kwamba kuna faini. Akawakatalia. Aliwaambia kwamba mtu mzima hababaiki kwa bahati kubwa, anababaika kwa kitu kidogo anachokingoja, na kila mtu ana kitu anachokingoja. Ile kaki na ile mvua alizitia mwenyewe, na alijivunia mvua kuliko yote.

Kati ya watu mia sita, mia mbili na arobaini na saba walibofya. Maabara haikuwahi kupata idadi kama hiyo. Profesa akaandika makala, makala ikakubaliwa kwenye mkutano mkubwa wa wataalamu, na barua ya Mzee Chapa ikawekwa kwenye jedwali la tatu. Akaipeleka nyumbani imechapishwa. Mkewe akaisoma, akamuuliza, "Kwa hiyo umewadanganya watu mia mbili na ushee, na wamekupa sifa?" Wakacheka wote wawili mpaka machozi.

Sasa, utaratibu wa utafiti ulitaka watu waambiwe ukweli mwishoni, si mapema, wasije wakaambizana. Kwa hiyo dada wa mapokezi aliagizwa kwamba akija mtu kuulizia kifurushi, amjibu tu kuwa bado kinashughulikiwa. Wiki ya sita Profesa akawatumia wote barua ya kueleza: ile ya kwanza haikuwa ya kweli, tulikuwa tunatafiti, tunaomba radhi, na anayetaka kujitoa abofye hapa. Msomi hawezi kukwambia jambo likaisha bila kukutaka ubofye mahali.

Siku tatu baadaye Mzee Chapa alipita mapokezi kuchukua kasha la karatasi. Dada wa mapokezi akamshika mkono.

"Mzee wangu, hii kazi yenu itaisha lini? Yule mama wa masjala bado anakuja. Kila siku saa nne, wenzake wakienda kunywa chai, yeye anashuka kuuliza kifurushi chake."

"Si mmetumiwa barua ya pili?"

"Mimi nimeipata. Yeye bado anakuja. Na mimi nimechoka kumwambia labda kesho."

"Labda kesho umeitoa wapi? Uliambiwa useme kinashughulikiwa."

"Ungemwona uso wake, na wewe ungesema labda kesho."

Akapanda masjala, ghorofa ya pili. Chumba kirefu, makabati ya chuma mpaka dari, harufu ya gundi na vumbi la mafaili. Mama mwenyewe alikuwa amekaa wima nyuma ya kompyuta, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Juu ya meza palikuwa na katoni iliyotiwa kikombe, ndala na kalenda ya ukutani. Ijumaa ya wiki ile alikuwa anastaafu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Karibu ukae, kama utapata pa kukaa."

Alikuwa amejiandaa kulisema upesi na kuondoka. Lakini akauliza kwanza, kwa mazoea tu ya mtu aliyezoea kusikiliza wateja, kama amepata ile barua ya maabara ya wiki iliyopita.

"Nimeipata, nimeifuta," mama akasema, na akatabasamu kama mwanafunzi aliyejua jibu. "Mlitufundisha wenyewe kwenye semina. Kipeperushi chenu ninacho hapa chini ya kioo."

Kweli kilikuwepo. Mzee Chapa alikitambua, maana maneno yote yalikuwa yake. Jihadhari na barua ya pili inayokuja kutengua ya kwanza na kukutaka ubofye. Na chini yake: Ukiwa na shaka, usijibu, nenda kwa miguu yako ukamuulize mhusika.

"Hiyo ya kwanza nayo nilibofya kwa haraka, nikaona haya," mama akaendelea. "Halafu nikasema ngoja, nifuate kipeperushi. Nikaenda kwa miguu yangu. Dada wa mapokezi akaniambia kipo, kinashughulikiwa. Basi shaka ikaniisha. Kimetoka kwa mwanangu."

Hapo Mzee Chapa angesema. Nami namlaumu, angesema hapo hapo. Lakini mama akawa ameshaanza kumweleza. Kijana wake, wa pekee, aliondoka miaka minane iliyopita kwenda kufanya kazi melini. Mara ya mwisho alipopiga simu alisema, Mama, nimekutumia mzigo mdogo, nimeandika anuani ya kazini kwako, maana nyumbani hatuna sanduku la posta. Ukaulizie mapokezi. Kisha simu ikakatika. Hakupiga tena, na kampuni ya meli ilijibu barua zake mara moja tu, kwamba alishuka bandari fulani na hakurudi.

"Mdogo wangu ameniwekea chumba kwake," mama akasema. "Nilikuwa nihamie Jumamosi. Nimemwambia asubiri. Nimemwomba bosi aniruhusu nikae hapa nje kwenye benchi, kila siku mpaka kifurushi kitoke. Kwa sababu kaki, unajua, ile kaki ndiyo iliyoniambia. Tangu shule madaftari yake alijaladia kaki, hata rafiki zake aliwajaladia."

Mzee Chapa akaaga, akatoka. Akaenda moja kwa moja kwa Profesa. Alikuwa mgonjwa kwa aibu, sisemi vingine.

Profesa alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa. Haikumwia rahisi, maskini wa watu. Alivua miwani, akajifuta uso kwa kiganja. Akasema ataandika barua nyingine, ya wazi zaidi, yenye sahihi na muhuri.

"Ataifuta," akasema Mzee Chapa. "Tulimfundisha afute."

"Basi niende mimi."

"Barua ni yangu. Nitakwenda mimi. Nipe ile fomu ya kujitoa, angalau atoke kwenye hesabu zetu."

Alikwenda Alhamisi, saa nne, kabla mama hajashuka. Alifunga mlango wa masjala, akasimama mbele ya meza kama mtu anayesubiri kuadhibiwa, akasema, "Mama, kifurushi hakipo. Hakijawahi kuwepo. Ile barua niliiandika mimi, kwa kazi ya utafiti."

Mama akakitazama kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwake.

"Nitajuaje kama wewe si mmoja wa hao matapeli?" akauliza. "Kitambulisho mtu anaweza kutengeneza. Hayo nayo mlitufundisha."

Hakuwa na la kumthibitishia ila moja. Akaisoma barua yote kwa kichwa, mama akiifuata kwenye kompyuta kwa kidole. Alipofika kwenye mvua, kidole kilisimama.

"Hii mvua umeitoa wapi?"

"Kichwani mwangu."

"Na kaki?"

"Kichwani pia, Mama. Nilitaka mtu akione kifurushi kwa macho."

"Nilikiona," akasema mama.

Akavua miwani, akaiacha ianguke kifuani. Hakulia wakati ule. Alinyoosha mafaili yaliyokuwa yamenyooka tayari. Mzee Chapa alitaka kumwambia pole na neno likamkwama, yeye aliyewauzia watu maneno ya pole miaka ishirini na moja, ya kila aina, ya mke na ya mume na ya bosi. Alilisema mwishowe, likatoka dogo.

"Kwa hiyo kijana wangu hujamwona," mama akauliza.

"Sijamwona."

"Wala hujasikia lolote."

"Wala, Mama. Sikujua hata kama una mtoto."

Ndipo machozi yakamtoka, bila sauti, na akayaacha yatoke. Kule nje wenzake walikuwa wanapita korido kwenda chai, wanacheka jambo fulani. Mmoja akagonga mlango, akamwambia Mama Masjala twende. Akajibu kwa sauti yake ya siku zote kwamba watangulie.

Mzee Chapa akaitoa ile fomu kwa sababu hakujua afanye nini na mikono yake. Akamweleza kwamba ana haki ya kujitoa, akitia sahihi hapa jina lake na kila alichofanya vitafutwa kwenye utafiti. Mama akavaa tena miwani, akaisoma yote mpaka herufi ndogo za chini, alivyosoma kila karatasi iliyopita mikononi mwake kwa miaka thelathini.

"Nikitia sahihi, itakuwa kama sikubofya?"

"Ndiyo. Tutabaki na mia mbili arobaini na sita."

Akaikunja fomu mara mbili, akamrudishia.

"Hapana. Niacheni humo. Mimi nilibofya."

Akachukua kalamu na kipande cha kadi ya faili, akaandika kwa mwandiko ulionyooka anuani ya kwa mdogo wake: mtaa, rangi ya mlango, jina la duka la pembeni. Akampa.

"Jumamosi nahama," akasema. "Mpelekee dada wa mapokezi nakala, mshukuru, mwambie nimesema hana kosa. Hii kaa nayo wewe."

"Nitakaa nayo. Na kikija chochote, Mama, chochote kile, nitakuandikia siku hiyo hiyo."

Mama akatikisa kichwa taratibu. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Usiniandikie," akasema. "Ukiniandikia sitaamini. Kikija, njoo mwenyewe."

Ile makala ilisomwa kwenye mkutano, ikapigiwa makofi, na jedwali la tatu lina mia mbili na arobaini na saba mpaka leo. Mzee Chapa yuko maabara bado, lakini barua hatungi tena. Anasahihisha za vijana, na akiona nzuri mno anaifuta, nao hawamuulizi. Ile kadi iko mfuko wa shati, imeshalainika kingo. Kila siku saa nne anashuka mapokezi, na dada wa pale akimwona tu anatangulia kutikisa kichwa, ili asimlazimishe kuuliza.