Kitenge cha Mkwe Ndani ya Mashine

Ninafundisha fizikia katika sekondari moja hapa Mpanda, na kuna kipindi nilikwenda kazini wiki tatu nikizungusha mashati mawili. Moja likichoka nalitundika dirishani lipigwe upepo, navaa la pili. La pili likichoka, la kwanza nalihesabu kuwa limepumzika. Wanafunzi wangu wana adabu, hawakusema kitu, ila madawati ya mbele yalikuwa yanarudi nyuma kidogo kidogo bila amri ya mtu. Niliwapongeza kwa kuacha nafasi nzuri ya kufanyia majaribio.

Chanzo cha yote kilikuwa mkono wa mke wangu. Alikuwa anatoka sokoni kwa bodaboda, amepakata kiroba cha maharage ya Mishamo, pikipiki ikateleza kwenye kokoto karibu kabisa na nyumbani kwetu, Kawajense. Maharage yalipona. Mkono wa kulia ulivunjika juu kidogo ya kiganja, wakamfunga hogo. Daktari alisema hogo litakaa wiki sita, na likishatolewa, miezi mitatu asikamue nguo wala asibebe ndoo. Akizianza kazi hizo mapema mfupa utaunga vibaya na mkono hautanyooka tena.

Siku ya tatu mama yake alifika kutoka Mwamkulu na kuku mmoja na debe la mchele, na kabla hajamaliza maji ya kunywa aliyopewa, nyumba ilikuwa imeshaingia mikononi mwake.

Hapa lazima nieleze jambo. Mimi ni Mfipa. Wakwe zangu ni Wasukuma waliohamia huku zamani na ng'ombe wao, wakakaa Mwamkulu na kulima mpunga. Kwao mama mkwe na mkwe wa kiume huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Hatuketi mkeka mmoja, hatuli pamoja, hatupeani mikono. Akiwa na neno kwangu humwambia mke wangu, nami nimesimama hapohapo nasikia. "Mwambie baba watoto chumvi imeisha." Mke wangu ananigeukia: "Chumvi imeisha." Namjibu mke wangu: "Mwambie mama nitaleta." Tumeishi hivyo miaka kumi na moja bila kugombana hata siku moja, na sioni kwa nini utaratibu huo usitumike kwenye vikao vya walimu.

Basi mavazi ya mkwe nayo yana mwiko wake. Mama mkwe hayagusi, na hayawezi kulowekwa beseni moja na ya kwake. Kila asubuhi alifua nguo za mwanawe, sare za watoto wetu wawili, mashuka, mapazia, mpaka kitambaa cha redio. Fungu langu lilibaki pembeni ya kitanda, linakua.

Mwenye akili atauliza kwa nini sikufua mwenyewe. Ndilo swali nililolikwepa wiki tatu. Nilijiambia kwamba maji na kamba viko uani, na uani ndiko mama anakoshinda, na mwanaume kuchuchumaa mbele ya mkwewe akisugua bukta ni kumkosea heshima. Ilikuwa hoja nzuri, na niliipenda. Ukweli ni kwamba nilikuwa mvivu. Bwenini nilijifulia, chuoni nilijifulia, nikaacha siku niliyooa, utadhani aliyekatwa mikono ni bwana harusi.

Jioni moja nilikuwa sebuleni nasahihisha madaftari, nikamsikia mama mkwe jikoni.

"Mpunga unakaribia kuvunwa. Nikiondoka, naondoka na wewe na watoto."

"Mayu," mke wangu alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, "watoto wanasoma."

"Kwani Mwamkulu hakuna shule? Nyie mkibaki hapa nani atawafulia? Utaona aibu, utafua mwenyewe, mkono uharibike. Mtu hajifulii shati lake, atakufulia wewe?"

Labda mama alidhani sisikii, labda alitaka nisikie. Niliogopa. Mtu akiondoka kwenda kuuguzwa kwao kwa sababu mumewe ameshindwa kumtunza, siku ya kumfuata huendi peke yako. Unatafuta wazee wa kukuombea, na wazee wana maswali. Zaidi ya hayo niliiona nyumba bila yeye na watoto, imebaki na madaftari yangu na lile fungu la nguo. Mwanaume mwingine angenyanyuka palepale akachukua beseni. Mimi nilinyanyuka nikaenda kutafuta mashine.

Niliijua ilipo. Ilikuwa kwenye stoo ya nyumba ya wageni moja hapa mjini, mashine ya kufulia ya zamani, ya mfuniko wa juu, ambayo mgeni mmoja aliiacha miaka mingi nyuma. Kuku walikuwa wakitagia ndani yake. Mwenye nyumba aliniambia niichukue, nitakuwa nimemwondolea uchafu. Niliipakia kwenye pikipiki ya miguu mitatu nikakaa pembeni nikiishikilia, tukapita katikati ya mtaa mchana kweupe, nikiwapungia watu mkono. Mama mkwe alipoiona ikishushwa aliitazama kwa muda mrefu.

"Muulize baba watoto," alimwambia mwanawe, "hilo ni jokofu?"

Nilijibu kupitia kwa mke wangu kwamba ni mashine ya kufua, na kwamba ndani ya siku nne hakuna mtu katika nyumba hii atakayekamua nguo tena. Zilikuwa siku kumi na sita. Nilitoa manyoya, maganda ya mayai, kiota cha panya na kifungo kimoja cha koti. Kutu niliipiga msasa mpaka mikono ikachubuka. Mkanda wa kuzungushia pipa ulikuwa umepasukapasuka, nikaupeleka duka la vipuri, wakanipa unaokaribiana nao. Kapasita nilitoa kwenye pampu mbovu ya maji. Kitasa cha kuchagulia muda kilikuwa kimevunjika, kwa hiyo ukitaka kufua unazungusha kwa plaizi. Niliiwasha mara ya kwanza ikanguruma bila kusogea, mimi ninayefundisha mota kila mwaka kidato cha nne, na nilikaa siku mbili kabla ya kugundua kwamba waya wa kapasita nimeubana mahali pasipo pake. Makosa hayohayo huwa nayakatia alama. Rangi niliyopaka ilikuwa mabaki ya bluu ya geti, na haikutosha upande wa nyuma.

Katika siku hizo zote sikufua hata soksi. Niliona hakuna haja ya kufua kwa mikono wakati mashine inakuja.

Mama mkwe naye aliahirisha safari mara mbili, kwa kuwa mke wangu alimwomba asubiri aone. Nadhani alitaka kuona pia. Wakati mwingine nikiwa nimelala chali chini ya mashine niliona miguu yake imesimama mbali kidogo, halafu inaondoka.

Jumamosi ya majaribio ndipo nilipogundua kwamba mashine hainywi maji ya bomba letu, maana bomba letu hutoa matone. Ilibidi nijaze kwa ndoo. Ndoo nane za kufulia, ndoo nane za kusuuzia. Mpaka pipa linajaa nilikuwa nimelowa kuliko nguo yoyote. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nilichukua suruali zangu zote, nikaona pipa bado lina nafasi, na mwalimu wa fizikia anajua mzigo usipolingana pipa litayumba. Pembeni palikuwa na beseni la nguo zilizolowekwa na mama asubuhi kabla hajaenda sokoni. Juu niliona mashuka. Nikalimimina lote.

Niliwasha. Ilinguruma, ikatikisika, ikaanza kufua kweli. Maji yaligeuka rangi ya udongo, povu likapanda, na mnara wa plastiki wa katikati ukawa unageuka kushoto, kulia, kushoto. Nilifurahi mpaka nikajisikia mjinga. Nusu saa baadaye nikamwaga maji, nikasuuza, kisha kwa plaizi nikahamisha kitasa upande wa kukamua. Pipa likashika kasi, mashine ikaanza kutembea uani, ikasogea hatua mbili kuelekea jikoni huku mimi nimeikumbatia, halafu harufu ya mpira ulioungua ikatoka na kila kitu kikasimama.

Mama alikuwa amesharudi. Nilimwita mke wangu, nikamwambia amwite na mama, waje waone. Mama alisimama mbali, inavyotakiwa. Nikafunua mfuniko, nikatoa suruali yangu ya kijivu niinyanyue juu waone ilivyotakata. Haikutoka peke yake. Mguu mmoja ulikuwa umesokotana na kitenge, fundo kwa fundo, na nilivyovuta suruali ndivyo kitenge kilivyozidi kutoka. Nami, mbele yao wote, nikauliza:

"Hiki cha nani?"

Mke wangu alijifunika uso kwa mkono wa hogo. Mama mkwe alikitazama kitenge chake kilivyojizungushia mguu wa suruali ya mkwewe. Aligeuka, akaingia chumba cha watoto, akafunga mlango, na chakula cha mchana alikula humohumo.

Jioni mke wangu aliniletea majibu. "Kasema keshokutwa tunaondoka. Wote."

"Mwambie nimekosa. Sikuangalia."

"Nimeshamwambia. Kasema anajua hukuangalia. Kasema ndiyo shida yenyewe."

Usiku huo sikuwa na hoja hata moja. Nilifanya tathmini ya mashine ninavyofanya kwa mitihani: kufua, sitini kwa mia, kukamua, sifuri, kutembea, mia. Kisha nikajifanyia mwenyewe, na sitaandika nilipata ngapi.

Jumapili alfajiri nilitoa fungu langu lote uani, na nguo za mke wangu, na sare za watoto, kila moja beseni lake. Niliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa nikaanza kufua. Jirani alipita akaangalia, akasalimia, akaendelea na safari yake. Dunia haikupasuka. Mama mkwe alitoka jikoni akakaa kizingitini anachambua mchele, amenipa ubavu. Baada ya muda nilisikia sauti yake.

"Mwambie baba watoto kola huanzwa kwanza. Akiiacha mwisho sabuni inakuwa imeisha nguvu."

Mke wangu alikuwa ameketi katikati yetu. "Kola huanzwa kwanza," alisema, na nikaona anajizuia kucheka.

"Mwambie mama nimesikia."

Nilifua mpaka saa tano. Vidole vilichubuka upya palepale msasa uliponichubua. Kukamua shuka peke yako ni kazi ngumu, na nilipokuwa nimelisokota nalivuta nilielewa kwa mwili daktari alikuwa anasema nini kuhusu mkono ule. Wiki tatu nilikuwa nimeambiwa, na sikuwa nimesikia.

Jumatatu niliondoka kwenda shuleni nimevaa shati safi. Kwenye kamba niliacha nguo nzito ambazo hazijakauka, suruali zangu na mashati mengine. Mifuko ya mama ilikuwa imeshafungwa mlangoni. Nilisimama mbele ya mke wangu nikashindwa kumwomba abaki, maana kumwomba mtu abaki ili uendelee kumtesa si ombi. Nikamwambia tu nitakuja Mwamkulu kila Jumamosi kufua.

"Utafua kwetu, mbele ya baba na kaka zangu?"

"Nitafua."

Saa saba ikanyesha mvua, zile za mwisho wa masika ambazo mtu hazitegemei. Nilikuwa darasani. Niliwaza nguo zangu kwenye kamba na nyumba isiyo na mtu wa kuzianua, nikaandika ubaoni kanuni isiyokuwa sahihi, na mwanafunzi mmoja akanisahihisha.

Nilirudi njia ikiwa tope. Mifuko haikuwepo mlangoni. Kamba ilikuwa tupu. Niliingia ndani nikamkuta mke wangu ameketi na hogo lake mapajani, watoto wanakula.

"Mama kaondoka," alisema. "Mvua ilipokatika tu. Kasema mpunga haumngojei mtu."

"Na wewe?"

"Mimi hakunitaja."

Nilikaa chini. Nilipopata pumzi niliuliza nguo zimeanuliwa na nani, maana yeye mkono wake haufiki kambani. Alinionyesha uani kwa kidevu.

Kwenye ukuta, kando ya mashine, iliegemezwa fimbo ndefu tunayofukuzia mbuzi wa jirani. Nilifunua mfuniko. Suruali na mashati yangu yote yalikuwa ndani ya pipa, yamejikunja ovyo kama yalivyodondoshwa kutoka kwenye ncha ya fimbo, moja moja, bila kuguswa na mkono. Alikuwa amesimama kwenye mvua akifanya hivyo. Juu ya nguo, kuzikinga na mfuniko unaovuja, alikuwa ametandika kitenge chake, kilekile.

Nilikiinua kwa ncha za vidole nikakikabidhi kwa mke wangu. Nguo zangu zilikuwa kavu. Nilizitoa moja moja nikizikagua kwenye mwanga, na mashati mawili kola zake zilikuwa bado na mstari mweusi. Nikachukua beseni, nikaketi juu ya ndoo, nikaanza na kola.