Hatua nne za mtani

Saa moja kasoro robo asubuhi, Mwahija Shaaban anagonga mlango wa tatu. Hajaja kuomba chumvi. Anawaarifu majirani kwamba leo nyuma ya nyumba ya mwalimu patachomwa majani, kwa hiyo nguo zianuliwe na mbuzi wasogezwe.

Akirudi kwenye lundo lake anashika nyasi zenye umande, anausikiliza upepo kidogo, ndipo anawasha kiberiti. Pembeni ameweka ndoo mbili za maji, mchanga na tawi bichi la mkorosho. Moto unatembea polepole, kwa adabu.

“Moto wa asubuhi ni mtoto, ukimwambia kaa, anakaa,” anasema. “Wa saa saba mchana ni shemeji aliyelewa.”

Mwahija, mwenye miaka 58, ni mfyekaji wa mazingira ya nyumba za watu hapa Miteja, wilayani Kilwa. Kazi hii ameifanya miaka tisa. Nyumba moja ni shilingi elfu nane, na kiangazi hupata tatu kwa wiki. Fyekeo lake limeezeka bati nusu ya nyumba yake. Nusu ya pili ni makuti, yanayongoja zamu yao bila kulalamika.

Sheria ndogo ya kijiji inataka kila kaya isafishe hatua kumi kuzunguka nyumba. Anayechoma awaarifu majirani na mwenyekiti wa kitongoji, achome kabla ya saa tatu asubuhi, na asiondoke mpaka majivu yapoe. Mwahija yumo kwenye kamati ya mazingira, na sheria hiyo anaijua kuliko majina ya wajukuu wake, ambao nao wamefika kumi na mmoja.

Ila nyumba moja ilikuwa na kichaka mpaka dirishani. Yake. Kuku wake walitagia humo, na alisema kuku hahamishwi kama mpangaji. Majirani walipomkumbusha kwamba kinyozi hajinyoi, aliwajibu kuwa methali imemtaja kinyozi, mfyekaji haimo.

Mwaka juzi, mwezi wa nane, alimripoti jirani na mtani wake, Severini Stephano, Mmakonde aliyehamia kutoka Nyangamara. Severini alichoma majani chini ya mikorosho yake saa saba mchana, moto ukaingia kwenye mihogo ya watu.

Faini hakuwa nayo. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Nassibu, akampa adhabu ya kazi: awafyekee wazee watano wasiojiweza. Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa Bi Warda, mama mzazi wa Mwahija, aliyevuka themanini, miguu imegoma, anayeishi kwa binti yake.

Severini alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake akabisha hodi, fyekeo begani, akampa bibi shikamoo yake, kisha akamgeukia binti.

“Dada Mwahija, nimetumwa na serikali kuja kuinyoa nyumba ya askari.”

Sasa sheria inasema hatua kumi, haisemi za nani. Mwahija, ambaye Mungu hakumpa urefu, alipima zake. Severini, ambaye akikaa magoti yanamfika kidevuni, alipima zake, zikazidi za mwenzake kwa hatua nne nzima na kupita juu ya viota. Wakabishana mpaka kwa mwenyekiti, naye akaamua kuwa mwenye adhabu ndiye mwenye miguu. Kichaka kikaondoka chote. Siku nne Mwahija hakumsalimia.

Wiki tatu baadaye alikuwa kibaruani upande wa pili wa kijiji alipoona moshi. Wawindaji wa ndezi walikuwa wamewasha nyasi, na upepo wa mchana ukauchukua moto. Alikimbia akijua kwamba mama yake hawezi hata kutambaa afike mlangoni.

Alikuta nyuma ya nyumba kumeungua kote, mpaka ukingoni mwa palipofyekwa. Makaa yaliyorushwa na upepo yalikuwa yanafuka juu ya ardhi tupu, na yale ya karibu zaidi yalikuwa yamebakiza hatua nne kufika kwenye makuti. Hatua nne zake. Idadi ile ile aliyoigombania; kichaka kingebaki kwenye hizo nne, makaa yangetua juu ya makuti.

Bi Warda alikuwa kitandani na tasbihi yake. “Moto ulikuja mpaka pale,” alimwambia binti yake, “ukasimama kama mgeni asiyekaribishwa.” Kisha akauliza kama chai ipo.

Jioni hiyo Mwahija alimpelekea jirani yake jogoo.

“Mtani, nilikuchongea, na uchongezi wangu umemwokoa mama yangu. Mungu ndiye atakayekulipa, mimi nimeleta jogoo.”

Severini akauliza kama huyu ni mmoja wa wale waliohamishwa. Alikuwa ndiye.

Tangu hapo, kila Julai wawili hao huanza na nyumba za wazee, bure, kabla ya kugusa kazi ya mtu yeyote. Mwaka jana walifikisha kumi na mbili. Katika mkutano wa kijiji ujao Mwahija ataomba jambo hilo liingie kwenye sheria, ili wazee wasingoje mpaka mtu akosee. Severini anatangaza kila mahali kwamba atapinga.

“Wazee wakishafyekewa wote, dada, mimi nikikosea tena utanipeleka wapi?”

Nyuma ya nyumba ya mwalimu, Mwahija anaweka kiganja juu ya majivu. Yamepoa. Anarudi kwake, na kabla ya kunawa anaegemeza mgongo ukutani, anaanza kuhesabu hatua. Akifika ya kumi anasimama, anavuta pumzi.

“Zangu zimeisha,” anasema, na anaongeza nne.