Rangi za Bibi Kwenye Gemu la Kaka

Mwezi uliopita nilirudi Hombolo kujengea kaburi la kaka. Mafundi walipomaliza kupiga plasta, mama aliniita chumbani, akanionyesha kompyuta ya zamani ya kaka chini ya kitanda, imefunikwa gunia. "Humu ndani yumo mama yangu," akasema. "Nitolee, mwanangu. Nataka nimwone kabla macho hayajanikatalia." Sikumwuliza ana maana gani. Siku bibi anachorwa nilikuwepo, tena mimi ndiye niliyeharibu.

Ngoja nikusimulie tulivyoishi. Baba alikuwa fundi umeme kwenye chuo cha palepale Hombolo, na chuo kilipobadilisha kompyuta zake, aliruhusiwa kuchukua moja chakavu. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Kaka alikuwa amemaliza kidato cha sita, yuko nyumbani anasubiri matokeo, mtu mrefu, mkimya, asiyependa kubishana na mtu yeyote isipokuwa mashine. Kwenye kompyuta ile kulikuwa na gemu moja tu, la kujenga kijiji: unalima, unafuga, unavuna. Tatizo ni kwamba kijiji chenyewe kilikuwa cha Wazungu. Walilima ngano, walichuma matunda tusiyoyajua hata jina, na nyumba zao zilikuwa na mapaa yaliyochongoka. Bibi yetu mzaa mama, tuliyekuwa tukiishi naye, alikaa nyuma yetu asubuhi moja akipepeta uwele, akatazama weee, kisha akauliza, "Hawa watu hawana mlenda?"

Swali hilo ndilo lililoanzisha yote. Kaka akachimbachimba mpaka akagundua kwamba zile picha ndogo za kubonyeza, ukitaka kulima au kujenga, zimewekwa kwenye folda, na mtu anaweza kuzitoa akaweka za kwake. Kazi hiyo aliiita kuchakachua. Ngano ikawa uwele. Matunda yasiyo na jina yakawa zabibu. Nyumba zikawa tembe za udongo.

Lakini gemu lilikuwa na masharti. Kila picha ilikuwa na visanduku thelathini na viwili kwenda upande, thelathini na viwili kwenda chini, na huwezi kupaka rangi yoyote unayoitaka. Rangi zote zilikaa kwenye faili moja la pembeni, zimepangwa kwa namba. Picha yenyewe haikubeba rangi hata moja, ilibeba namba tu: kisanduku hiki kumi na mbili, kile sabini na moja. Kaka alifuta zile rangi za Wazungu akaanza kuweka za kwetu. Alinituma nje nilete udongo wa njiani, jani la mzabibu, kinyesi kikavu cha mbuzi, mlenda kwenye kijiko. Alivishika karibu na kioo cha kompyuta, akaongeza nyekundu kidogo, akapunguza bluu, mpaka jicho lake liridhike. Mlenda ulidondokea vitufe, mama akatufokea siku nzima. Sabini na moja ikawa ndiyo mlenda, na mezani nilikuwa nasema mboga ya leo ni sabini na moja, kaka anacheka hadi anapaliwa na ugali. Hakuna aliyetuelewa, nasi hicho ndicho tulichokipenda.

Bibi hakupenda kamera. Kwenye harusi alijifunika khanga usoni, na hakuacha picha hata moja. Ila kaka alipomwomba awe mkuu wa kijiji kwenye gemu, alikubali palepale. Kila asubuhi baada ya chai alikuja, akatusalimu "Mbukwenyi," sisi pamoja na kompyuta yetu, akakaa kwenye kigoda. "Mume wangu," alimwambia kaka, kwa ule utani wa bibi na mjukuu, "unichore na meno yangu." Mama akamwuliza mbona kamera anaikimbia. "Kamera inachukua tu," bibi akajibu. "Huyu ananiomba kila kitone."

Siku ya mwisho kaka aliitwa na baba, akaniachia nimalizie kitenge. Kitenge cha bibi kilikuwa cha pinki kali, na juu kabisa ya orodha kulikuwa na pinki hiyohiyo, namba sifuri. Nikapaka. Sikujua kwamba sifuri ni rangi isiyoonyeshwa na gemu, kwamba palipopakwa sifuri yanaonekana majani ya nyuma. Kaka alipofungua gemu, bibi akatokea kichwa na mikono miwili, na katikati nyasi tupu. Bibi akakaza macho. "Mke mwenzangu," akaniambia, "umeshanizika? Naona nyasi zimeniotea." Akacheka sana. Kaka hakucheka. Alitengeneza pinki ileile, akaiweka namba mia mbili, na bibi akarudi mzima.

Msimu wa mvua uliofuata bibi alifariki. Kwa muda mrefu niliamini ni mimi niliyemuua kwa zile nyasi, na siku nilipopata ujasiri wa kumwambia kaka, aliniangalia kwa huruma. "Acha ujinga," akasema. "Bibi alikuwa mgonjwa. Gemu halikumfanya kitu." Nililala vizuri siku hiyo.

Sasa nirudi kwenye ile kompyuta. Niliipeleka mjini kwa fundi, akafungua diski, akanipa alichoweza kuokoa. Picha ya bibi ilikuwepo. Faili la rangi halikuwepo, limeharibika. Nilipoifungua picha, laptop yangu ikabandika rangi zake juu ya namba za kaka, na bibi akatokea na uso wa bluu na nywele za kijani.

Nilikaa siku tatu nyumbani nikijaribu kuzikumbuka. Kwa picha ile kaka alitumia rangi kumi na sita. Sita nilizipata. Za ngozi zilinishinda. Kila nilipobahatisha, bibi aligeuka mtu mwingine. Siku ya tatu nikachukua simu nimwulize kaka. Nilikuwa nimeshafika kwenye jina lake ndipo nikakumbuka.

Mama akanikuta nalia mbele ya ule uso wa bluu. Nikataka kufunga, akanishika mkono.

"Acha nimwone." Akasogea karibu kabisa. "Ndiye. Tazama anavyotega kichwa. Sikio la kulia lilikuwa halisikii."

"Lakini mama, rangi siyo."

"Rangi ya nini? Mimi namwona mama."

Akaomba nimchapishie hivyohivyo. Sasa bibi yupo sebuleni kwenye fremu, na wageni wakishangaa, mama anawaambia waangalie kichwa.

Nimefurahi kwa ajili yake. Mimi kinachoniuma ni kingine. Nimeipekua folda yote, picha moja baada ya nyingine. Yumo baba na bisibisi yake. Yumo mama na ndoo. Nimo mimi, magoti yamejaa vumbi. Kaka hayumo. Kilichokuwa chake mle ni zile rangi alizozipima kwa jicho lake mwenyewe, na hizo ndizo zilizopotea. Siku zote yeye ndiye aliyekaa mbele ya mashine akituchora sisi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia: na wewe kaa, tukuchore.