Mrumi Kwenye Kichen Pati

Jamani, mpaka leo nikipita karibu na ule ukumbi wa Crystal nageuza uso, nisije nikaonana na mtu aliyekuwepo siku ya kichen pati ya Upendo, binti wa dada yangu, siku ambayo nusura nimkosanishe na mama mkwe wake hata ndoa haijafungwa.

Mnajua nasoma Kilatini darasa la jioni (msiniulize kwa nini, wengine hufuga paka), na nilichogundua ni kwamba wale Warumi, hao hao wa kwenye Biblia, walikuwa watu kama sisi kabisa: mshairi huyo huyo asubuhi anamlilia mpenzi wake, jioni anamchana jirani kwa mafumbo. Basi mshereheshaji akanipa kipaza sauti, nikamsomea Upendo beti za mapenzi nilizotunga kwa mtindo wao, vigelegele vikapigwa, "Ongeza, Mama Joshua!", na hapo ndipo nilipoponzwa na moyo wa kufundisha, nikasema ngoja niwaonjeshe na upande wa pili.

Sasa, Mrumi akimdhihaki mtu, mara nyingi humpa jina la kubuni ili mlengwa asijulikane. Mimi nikaona jina la Kilatini litawachosha tu, nikaliondoa, nikasoma:

*Mgeni anasifia, mkono u sahanini,*
*Anapoaga wenyeji, nusu imo mkobani.*

Vichwa vyote vikageukia meza ya chakula, ambako Mama Baraka, mama mkwe mtarajiwa kutoka Anoka, mji wa jirani huku huku ughaibuni, alikuwa anafunga pilau kwenye foili. (Nilisahau kwamba kwetu fumbo lisilo na jina ni la mtu aliyemo ukumbini!) Kabla sijajieleza, shangazi mmoja akaja anacheza, akanibandika noti kwenye paji la uso, macho yake yote kwa Mama Baraka.

"Si yeye!" nikapayuka kwenye kipaza sauti. "Huyu mtu alikufa zamani sana!"

"Kafa, na bado mnamsema?" akauliza Mama Baraka. "Hili pilau ni la mzee wangu, yuko zamu hospitali."

Upendo alishaanza kulia, wanja unamtiririka mashavuni. Nikataka kupiga magoti, lakini Mama Baraka akaweka mkoba chini, akaja mbele, akaninyang'anya kipaza sauti, akanijibu papo hapo:

*Umefukua kaburi, ukitafuta umbea,*
*Ungetuuliza sisi, nasi tungekuletea!*

Ukumbi ukalipuka! Shangazi yule yule akaibandua noti usoni kwangu akambandika yeye, Upendo akacheka na machozi hayajakauka, na Mama Baraka akanishikisha furushi la foili mbele ya watu wote: "Shika, mwalimu, usije ukasema umetoka mikono mitupu."

Nikalibeba hadi kwenye gari, theluji inanidondokea, pilau bado la moto. Kilatini siachi, ila nimeapa: shairi la dhihaka nitalisoma na jina lake lote, hata liwe refu namna gani, na kwanza nitaangalia nani yuko karibu na sufuria.