Unga Niliowapelekea Marafiki wa Nchi Yetu

Nilikuwa nasema mbele ya watu kwamba mimi hakuna kitu duniani kitakachonishtua tena. Nilikuwa na haki ya kusema. Nilianza biashara kwa kusukuma baiskeli ya mahindi kutoka Kaniama mpaka Kamina, tairi limejazwa majani. Nimeona daraja likikatika na lori langu juu yake. Shule niliachia darasa la nne, lakini leo niko na depo tatu karibu na gare, stesheni ya treni, na wenye diploma wanakuja kuniuliza bei ya unga.

Halafu jeshi la nchi jirani likavuka mpaka wetu, na miji ikaanza kuanguka. Mdogo wangu Mado, aliyeolewa kule Uvira, akanipigia simu, akiniita yaya, yaani kaka, kama kawaida yake.

“Yaya, minyi niko Kalemie na batoto. Bwana yangu Célestin alibakia kule Uvira. Mama yake hawezi kutembea, akakataa kumuacha.”

“Usilie,” nikamwambia. “Marafiki ba inchi yetu banakuya. Minyi mwenyewe nitaonana nabo.”

Redio ilikuwa imesema hivyo kila asubuhi. Mataifa rafiki yamelaani. Mataifa rafiki yametia sahihi. Moja limeshatuma askari, na wako Kalemie. Nikapakia mifuko kumi na miwili ya unga mweupe, ule ninaoficha kwa ajili ya harusi. Kwetu Baluba, mtu anayekuja kukuzimia moto unamlisha kwanza, na akishakula bukari, ugali wa mkono wako, hawezi kukuacha katika matata.

Pale gare ya Kamina, jirani yangu wa biashara, Mzee Sefu, Mwislamu ambaye babu zake walitoka Maniema, aliitazama mifuko akatikisa kichwa.

“Papa Ilunga, weye unaenda kutafuta shemeki ao kulisha jeshi?”

“Yote mbili. Bakishakula, batanisikiliza.”

“Hiyo ni desturi ya Baluba. Bale beko Baluba?”

Nikamcheka. Treni ikaondoka.

Kabongo tulilala ndani ya behewa. Kabalo tulingoja injini mpaka nikajua majina ya wauza samaki wote. Sikujali. Niliwaeleza abiria jinsi nitakavyosema na wakubwa wa jeshi, na walinisikiliza vizuri, maana niliwanunulia chai.

Nyunzu ndipo kitu cha kwanza kiliponigonga. Treni iliyotoka Kalemie, upande wa ziwa, ilisimama karibu na yetu, imejaa watu mpaka juu ya paa: magodoro, masufuria, mbuzi mmoja. Nikamwuliza mama mmoja dirishani, “Mama, si marafiki bamefika kule?”

“Bamefika, baba. Banatupiga mapicha muzuri sana.”

Watu wa treni yake wakacheka. Mimi nikarudisha kichwa ndani.

Kalemie, nilimkuta Mado ndani ya darasa la shule pamoja na familia nyingine. Alikuwa amekonda hata sauti. Célestin alikuwa hai, amejificha na mama yake kwa jamaa kando ya ziwa, lakini simu yake ilikuwa inazimika. “Yaya, barabara imefungwa; kama boti haiendi kubachukua haraka, nitabakia mujane,” akasema.

Kesho yake tulikwenda kwenye kambi ya wale marafiki, ufukweni. Mahema meupe, bendera safi, na boti tatu za mbio zenye bunduki kubwa zimefunikwa turubai. Moyo ukanipanda. Kapiteni wao, kijana mwenye Kiswahili cha kitabuni, akaniamkia: “Shikamoo, mzee. Karibu sana.” Mado na wanawake wenzake wakasonga bukari, wakakaanga samaki. Askari walikula mpaka jasho. Mmoja aliomba mara ya pili, na mimi nikajisemea: tayari.

Nikasimama, nikaomba boti moja tu.

Kapiteni alinawa mikono polepole. “Mzee, chakula chako kitamu mno. Lakini amri yetu ni kulinda boti hizi.”

“Kuzilinda na nini?”

“Zisitekwe.”

“Na inchi yetu?”

“Kuhusu nchi, viongozi wanazungumza.”

Asubuhi iliyofuata nilirudi kumbembeleza. Mahema hayakuwepo. Malori yalikuwa yamewashwa, boti zimepandishwa juu, na mifuko yangu iliyobaki imefungwa kamba nyuma, vizuri kabisa. Kapiteni alinishika mkono kwa mikono yake miwili. “Tumeitwa nyumbani, mzee. Lakini msimamo wa serikali yetu haujabadilika. Tuko pamoja nanyi.”

Wakaenda, wengine wakinipungia. Mimi, Ilunga wa depo tatu, nilikaa chini mchangani na koti langu la misa. Mado ndiye aliyeniinua.

Alinipeleka kwa Mama Zaina, mfanyabiashara wa ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, mwenye boti yake ya mbao.

“Weye njo ule alilisha bale askari?” akacheka mpaka akashika kiuno. “Sikia, baba. Utalipa mafuta, utalipa hatari, utalipa na dereva wangu.”

“Na bukari?”

“Bukari nakula kwangu.”

Boti ilikwenda. Kungoja kule sitakueleza. Mado hakula, na mimi nilijifanya nakula. Iliporudi, jua lilikuwa kali juu ya maji, na juu ya boti tuliona magunia ya ndagala tu. Mado akapiga ukelele. Halafu gunia moja likasogea, na Célestin akashuka majini, mama yake mgongoni.

Bibi yule alinitazama kwa macho ya kuungua jua. “Ni inchi gani ilitutumia boti?”

“Kamina, mama,” nikasema.

Treni ya kurudi tulipanda wote. Bibi alilala juu ya koti langu, watoto juu ya miguu yangu. Kamina, Mzee Sefu alitupokea gare na mikate, na kwa heshima yake hakuniuliza habari za unga.

Sasa najua hivi: mtu akila kwako, tumbo lake linakumbuka. Taifa halina tumbo. Likishakula, linaandika tamko. Redio bado nasikiliza, lakini nikisikia “marafiki wetu wamelaani,” naenda kuhesabu mafuta ya lori. Kwa tiketi, boti, hatari, dereva na mifuko ile kumi na miwili, kuwatoa watu wawili kulinigharimu dola elfu moja mia sita na arobaini na tatu.